Mti Uliopunguza Alama

Ofisi yetu ya Garissa ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya kichinjio, na kila asubuhi, kabla sijatia ufunguo mlangoni, ilinibidi nipite katikati ya kongoti. Ni ndege wakubwa, wanafika kifuani mwa mtu, wana vichwa vya upara na mfuko wa nyama unaoning'inia shingoni. Hujinyea miguuni wenyewe ili wapoe, ndiyo maana miguu yao huwa myeupe utadhani imepakwa chokaa. Walisimama pale wakisubiri matumbo na kwato, wala hawakumpisha mtu. Mimi ndiye niliyewapisha. Nilikuwa binti wa Lamu, nimelelewa na nyanya aliyefagia ua hata pale ambapo hapakuwa na taka, na sikuwahi kuona kiumbe aliyenitia kinyaa kama yule. Baadaye nilimpata wa pili, na huyo alivaa viatu vilivyong'arishwa.

Nilikuwa mchora ramani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mradi uliotuajiri ulikuwa unatafuta mahali pa kuweka pampu za maji zinazoendeshwa na jua katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Jua tulikuwa nalo la kumwaga. Maji yalikuwa chini sana, na mashine za dizeli zilizoyavuta zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine, kwa sababu mafuta yalichelewa, vipuri havikufika, na barabara zilikuwa mikononi mwa majambazi. Paneli ya jua haingoji lori la mafuta. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka.

Mtaalamu wetu alitoka Nairobi, na kabla ya Nairobi alikuwa amesoma ng'ambo. Alikuja na kompyuta zilizofunikwa kwa vitambaa vyeupe, jenereta ya kuziwashia, na birika lake mwenyewe la chai, maana hakuamini birika la mtu mwingine. Vumbi lilimkera. Maziwa ya ngamia yalimkera. Salamu ndefu za Kisomali zilimkera kuliko vyote. Mgeni akifika ofisini na kuanza kumwuliza habari za watoto, za mifugo na za mvua, yeye alitazama saa. Lakini ukimwuliza kuhusu modeli yake angezungumza mpaka jenereta izime.

Kwa lugha nyepesi, modeli ilikuwa hivi. Mkoa wote unakatwa vipande vya mraba, maelfu kwa maelfu, na kila mraba unapewa alama kama mtoto wa shule. Jua kali, alama. Ardhi tambarare, alama. Kisima kilichokwisha kuchimbwa, alama. Barabara ikiwa karibu, alama. Kukiwa na mti mkubwa wa kutia kivuli kwenye paneli, alama zinapunguzwa, tena nyingi. Kila somo lina ramani yake, tabaka moja juu ya jingine, na kompyuta inajumlisha. Mraba uliofaulu hutoka mwekundu, wa katikati hutoka wa manjano, na uliofeli unabaki mweupe. Pampu inakwenda penye wekundu.

Siku za mwanzo nilimwuliza watu wako tabaka gani. Alinieleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto aliyeuliza jua linalala wapi, kwamba watu wako ndani ya tabaka la barabara, kwa kuwa watu hukaa kando ya barabara. Nikamwambia kwamba katika mkoa huu watu hukaa malishoni. Akasema modeli haiwezi kumfuata mtu anayehamahama, ni juu ya mtu kuifuata modeli. Aliyasema hayo akiwa anapulizia kioo cha kompyuta yake ili kutoa vumbi, na mate yakabaki kwenye kioo.

Kazi yangu ilikuwa tabaka la miti. Nililetewa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, nikazitandaza juu ya meza kubwa yenye nyaya ndani yake, na kila nilipoona mti mkubwa niliuwekea kipanya chenye msalaba wa kioo, nikabonyeza, na kwenye kompyuta ikatokea nukta ya kijani. Picha zilikuwa nzuri ajabu, ungeweza kuona hata kivuli cha mti kimelala upande gani. Shida ni kwamba zilikuwa za miaka mingi nyuma, kabla ya ukame mkubwa na kabla ya wakimbizi kujaa Dadaab. Niliweka nukta za kijani kuzunguka Dadaab, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimepita nikaona kwa macho yangu kwamba hakuna hata kijiti, kuni zote zimekwisha, wanawake wanaamka alfajiri kwenda kuzitafuta mbali. Nilipomweleza, alisema picha ndiyo ushahidi, macho yangu si ushahidi.

Basi nikaendelea kubonyeza. Lakini wiki hiyohiyo aliniita nitazame ramani ya ukutani, akasema kisanduku cha maelezo kimebanwa kule pembeni, na kwamba ule mto mkavu unaopita chini yake niufupishe kidogo ili kisanduku kikae vizuri. Ule ni mto ambao mvua ikinyesha Ethiopia hubeba ngamia. Nikaufupisha. Kwenye ramani ile ukaishia hewani, na yeye akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa, akasema sasa imependeza.

Mwisho wa mwezi tulikwenda kukagua vituo vilivyokuwa vikishindania pampu ya kwanza, tukifuatwa na gari la askari wenye bunduki kwa sababu ya njia. Kimojawapo kilikuwa makazi madogo kando ya barabara ya Liboi: maduka machache ya mabati, msikiti wa udongo, nyumba za miti na mikeka, na zahanati ya vyumba viwili. Mwenye zahanati, nasema mwenye ingawa ilikuwa ya serikali, alikuwa mkunga mmoja mama wa makamo, Msomali wa hapohapo, aliyesomea ukunga Garissa mjini akarudi kwao wakati wenzake walibaki mjini. Vijana wa pale walimwita eddo, shangazi, na mimi nikamwita hivyohivyo.

Alitutembeza haraka, maana ndani kulikuwa na mama anayeumwa uchungu. Kisima kilikuwa nyuma ya zahanati, kirefu, kizuri, chenye maji. Mashine ya dizeli juu yake ilikuwa imekufa muda mrefu, kuku wanataga ndani yake. Maji ya kunywa na ya kufulia yaliletwa na mikokoteni ya punda kutoka kwenye dimbwi la mvua, na dimbwi lilipokauka yaliletwa na lori la mtu, likija. Alitufungulia mlango wa chumba cha kuzalia. Nilinusa damu iliyolala, mkojo, na dawa ya kuua wadudu iliyochanganywa na maji kidogo mno. Kwenye kona kulikuwa na pipa, na juu ya pipa kikombe cha bati. Alinionyesha jinsi anavyofanya: kikombe kwa mikono yake, kikombe kwa mama, nusu kikombe kwa mtoto, na yale yanayobaki kwa vyombo. Wakati mwingine hayabaki. Mwaka ule alikuwa amezika mama waliotoka pale wakiwa na homa, na alijua homa ile imetoka wapi.

Mkunga yule hakuomba dawa, wala kitanda, wala nyongeza ya mshahara. Alitaka bomba moja ndani ya chumba kile, lenye maji.

Mtaalamu alisimama mlangoni, leso puani. Hakuingia.

Mbele ya zahanati palikuwa na mti wa mgunga, mkubwa kuliko yote niliyoiona barabara ile, matawi yametanda mpaka juu ya paa. Wajawazito waliotoka malishoni walikaa chini yake siku zao za kungojea, wametandika mikeka, wengine na mbuzi wa maziwa amefungwa kando. Huko juu walilala kongoti. Jioni walikuja kwa makundi, asubuhi wakaondoka kwenda kutafuta mizoga, na upande mmoja wa shina ardhi ilikuwa imeganda kinyesi cheupe, manyoya na vipande vya mifupa vilivyotapikwa. Harufu yake inakata pua. Mkunga alikuwa amewagawia ndege upande wao na akina mama upande wao, na kila asubuhi wanawake walimwaga mchanga mpakani na kuusawazisha kwa miguu. Mti ule ulinichefua, sitasema uongo. Lakini nilikaa chini yake, upande wa akina mama, na nilipotoka kwenye kivuli na kurudi juani nilihisi kama nimepigwa kofi.

Mtaalamu alipima kivuli kwa hatua, akakitazama kisima, akautazama tena mti. Kisha akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kama si mti huu, mama," akamwambia mkunga, "wewe ungekuwa nambari moja."

Mkunga akamwuliza mti umefanya nini. Akamjibu kwamba kivuli kinakula alama. Akaongeza utani mwingine wa aina hiyo, askari wakacheka kwa adabu, na tukaingia garini. Nilitazama nyuma nikamwona mkunga bado amesimama palepale, shingo ameinua, anautazama mgunga kutoka shinani hadi juu.

Nilianza ugomvi kabla hatujafika lami. Nilimwambia mtaalamu kwamba yule mama ataukata ule mti. Akasema haiwezekani, alikuwa anazungumza tu. Nikamwambia hapa mtu mzima hasemi neno mbele za watu kisha akaita mazungumzo tu; neno la mgeni wa serikali linachukuliwa kama lilivyo. Nikamwambia pia kwamba hata akiukata haitasaidia kitu, kwa sababu tabaka la miti limetoka kwenye picha za zamani, na kwenye picha za zamani mti upo. Hapo aligeuka, akanitazama kana kwamba nimesema jambo la busara.

"Kweli," akasema. "Haitabadilisha chochote." Kisha akafungua chupa yake ya maji, akanywa nusu, na nusu iliyobaki akaimwaga dirishani kwa sababu ilikuwa imepata moto.

Tulipofika Garissa nilimtafuta dereva wa lori aliyekuwa akienda upande ule, nikamtuma kwa mkunga: asiuguse mti, hauna maana yoyote kwenye hesabu. Njia ilikuwa imefungwa kwa sababu ya uvamizi, na lori likakaa. Lilipofika, mgunga ulikuwa chini.

Nilikuja kusikia habari nzima baadaye, kutoka kwa mkunga mwenyewe. Kwao mti wa kivuli haukatwi ovyo. Una watu, kama kisima kilivyo na watu, na wazee walikaa kikao siku kadhaa wakimuuliza kama amerukwa na akili. Alijibu kwamba serikali imesema kivuli kinazuia maji. Wazee walibishana. Mmoja alisema babu yake alizikwa akitazama mti ule. Mwisho, mkunga aliwataja mmoja mmoja mabinti zao aliowazalisha, na wale aliowazika, na wazee wakatoa shoka. Matawi yakawa mkaa na maboma ya mbuzi. Akina mama wakahamia kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta, wakisogea nao kadiri jua lilivyosogea, na saa sita mchana hapakuwa na ukanda.

Kongoti hawakwenda mbali. Mti ulipoanguka walizunguka juu, kisha wakatua kwenye paa la zahanati. Mabati yanateleza, na makucha yao yalikwaruza usiku kucha juu ya vichwa vya wanawake wenye uchungu. Kinyesi kilishuka ukutani mpaka madirishani.

Matokeo ya modeli yalitoka muda mfupi baadaye. Tuliitwa chumba kikubwa, kompyuta ikaonyesha mkoa wote, na mtaalamu akavuta pumzi kama anayefunua maiti ya mfalme. Mraba mwekundu kuliko yote ulikuwa kwenye uwanda mmoja mbele ya makazi ya mkunga, upande wa mpakani, mwendo wa asubuhi nzima kwa mguu. Palikuwa na kisima cha mifugo kilichochimbwa na kuachwa. Palikuwa na barabara. Palikuwa tambarare kama sinia, na hapakuwa na mti hata mmoja. Hapakuwa na mtu pia, lakini hilo halikuwa somo. Zahanati ilitoka ya manjano.

Nilisimama. Nilisema mgunga umekatwa, nimethibitisha, na kwamba nimejumlisha mwenyewe kwa kalamu: ukiiondoa ile nukta ya kijani, zahanati inaupita uwanda. Utani wake ulikuwa kweli, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Niliomba tuifute nukta moja. Niliiweka mimi, ningeweza kuifuta mimi, ni kazi ya kubonyeza.

Mtaalamu alikunja mikono. Alisema hapana kwa sauti ya mtu anayelinda msikiti usinajisiwe.

"Tukianza kufuta miti kwa mkono," akasema, "hii si modeli tena. Ni maoni."

Nilimwuliza habari ya mto aliouagiza niufupishe kwa ajili ya kisanduku. Akasema ule ulikuwa urembo. Mwenzetu mmoja akauliza kama tunaweza kuomba picha mpya, akajibiwa kwamba ndege ina gharama na bajeti imefungwa. Kisha chai ikaletwa, na yeye akajimiminia kutoka kwenye birika lake. Nilitoka nje nikasimama karibu na kongoti wa kichinjio, nikaona afadhali wao, kwa maana kongoti anakula mzoga lakini hamwambii mzoga kwamba ni kwa faida yake.

Pampu ilijengwa uwandani. Paneli zilipangwa kwa safu, zikiinamia jua, na juu ya hizo likasimama tangi kwenye mnara wa chuma. Siku ya uzinduzi walikuja wakubwa na misafara yao, wakachinjiwa mbuzi, na pilau ikapikwa katikati ya upepo na mchanga. Maji yalitoka kweli. Yalitoka mengi, safi, baridi, na nilijikuta nalia, si kwa furaha. Mkunga alikuwa amekuja juu ya mkokoteni wa punda na mapipa. Aliyatazama maji yanavyomwagika kwenye vumbi wakati wakubwa wanapigwa picha, akasogeza pipa lake chini ya mkondo bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilimpenda kwa hilo.

Wachungaji walianza kuja na mifugo, kama ilivyotarajiwa. Kiangazi kilipokaza, wanyama waliofika wamechoka mno walifia palepale penye birika la mifugo, na kwenye mizoga wakaja kongoti. Wakala. Jioni wakatafuta pa kulala. Kwa macho ya kongoti uwanda ule wote ulikuwa na kitu kimoja tu kirefu, na mgunga wao haukuwepo tena. Wakauacha mteremko wa mabati ya zahanati, wakahamia kwenye mnara, kundi zima, ukingoni mwa tangi, juu ya paneli zetu.

Nilipelekwa kukagua pamoja na mtaalamu kwa sababu pampu ilikuwa imesita. Harufu tuliisikia kabla ya kuona. Paneli zilikuwa zimefunikwa kwa tabaka nene, jeupe, lililokauka na kupasuka kama ukoko wa ugali, na juu yake vipande vya ngozi na mifupa vilivyotapikwa. Jua lilikuwa kali la kuchoma utosi, na paneli hazikuliona. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimefunguliwa na upepo, au na mtu, na ndani yake manyoya yalielea. Mlinzi alikuwa ameambiwa azisafishe paneli kwa maji. Alituuliza, bila ubaya wowote, maji hayo atayatoa wapi kama pampu haivuti.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo mtaalamu hakulielewa hata alipoelezwa. Watu walikuwa wameacha kuyanywa na kuyatawadhia maji ya tangini. Kinyesi cha ndege yule ni najisi. Walikuwa wamemwuliza sheikh, naye aliwajibu kwa haki: maji mengi hayaharibiki mpaka yabadilike rangi, harufu au ladha. Basi wakayanusa. Hawakuhitaji kumwuliza tena. Waliwanywesha ngamia, na ngamia wengine nao walivuta vichwa nyuma. Mkunga alikuwa ameyachukua mara moja, akalifungua pipa mlangoni mwa chumba cha kuzalia, na akayamwaga yote nje. Hakuweza kumwosha nayo mtoto ambaye baba yake anakuja kumwadhinia sikioni.

Mtaalamu alirudi garini akatapika kando ya gurudumu. Sikumwonea huruma. Nilimpa maji, nikatazama pembeni, na nilitamani ayameze yale ya tangi.

Ripoti yake ilikuwa fupi. Alisema modeli haikukosea. Ilikosa tabaka la ndege, na tabaka hilo litaongezwa awamu ijayo. Kuhusu pampu, alipendekeza kituo kisogezewe kivutio cha kuwaondoa ndege juu ya paneli. Aliisoma kwa sauti mbele yetu sote, na sentensi ile naikumbuka mpaka leo kwa sababu nilidhani masikio yangu yamenidanganya: ipandwe miti mikubwa, umbali unaofaa kutoka kwenye paneli, ili ndege wapate pa kulala. Hakuna aliyecheka. Niliuchunguza uso wake nikitafuta haya kidogo, hata chembe, nikaona ametulia kabisa, anapangusa miwani.

Mwezi huo niliandika barua ya kuacha kazi. Kabla ya kuondoka nilitoa nakala moja ya ramani, ile nzuri ya rangi, nikapata lifti ya gari la dawa mpaka zahanati. Mkunga alikuwa amenitumia ujumbe mara nyingi. Alitaka kuiona hiyo karatasi iliyomshinda.

Nilimkuta ameketi juu ya kisiki cha mgunga, anapumzika. Kilikuwa kipana kama meza. Wajawazito watatu walikuwa wamejibanza ukutani, khanga vichwani, mmoja wao amefumba macho na mdomo umekauka pembeni. Tulisalimiana kwa urefu, kama inavyostahili. Aliniuliza habari za mama yangu, za Lamu, za bahari ambayo hajawahi kuiona. Kisha nikaitandaza ramani juu ya magoti yake. Hakuwa mgeni wa karatasi. Alifuata barabara kwa kidole kutoka Garissa, akapita Dadaab, akaja mpaka kwenye makazi yake, akaliona jina, akafurahi kidogo kuliona. Kidole kikasimama pembeni ya jina.

"Abaayo," akaniita, dada kwa Kisomali, "hii ya kijani ni nini?"

Nikamwambia ni mti wake.

"Gani? Hii mimi nimekata?"

"Ndio huohuo, eddo."

Alikigusa kisiki alichokalia, kwa kiganja, kama anayehakikisha. Akaigusa tena ile nukta.

"Kwa hii karatasi, kifuli bado iko."

"Kivuli bado kipo."

Aliwatazama wale wanawake watatu ukutani. Jua lilikuwa limefika miguuni mwao, na mmoja alikuwa anajaribu kuivuta miguu ndani, ila tumbo halikumruhusu.

"Basi ambia wao," akasema, "waende kuzaa huko."

Akanirudishia ramani yangu. Yule aliyefumba macho alianza kulia kwa sauti ndogo, na mkunga akainuka, akachota kikombe kimoja kwenye pipa, akajimiminia mikononi, akamshika mkono wakaingia ndani.